Wateja Arobaini wa Kasuku

Siku za likizo, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kuokota pini. Mama yangu ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na vipande vya vitambaa mpaka chini ya kochi. Mimi hufunga sumaku kwenye uzi, naiburuta sakafuni kama mtu anayetembeza mbwa, na pini zote zilizoanguka jana zinanifuata zenyewe. Nina miaka kumi na miwili na nyumbani naitwa Kasuku. Si kwa sababu ya uzuri wa manyoya, ni kwa sababu ya mdomo.

Asubuhi moja nilikuwa nimefika chini ya meza na sumaku yangu Dada alipoingia na kuutupa mkoba wake kwenye kochi. Dada yangu alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Alisomea takwimu, yaani elimu ya kukusanya habari za watu wengi na kuzipanga kwa hesabu ili zieleweke. Tangu utotoni alitaka kazi ya ofisini yenye kiti cha kuzunguka, ndiyo maana tukampa jina la Bi Ofisi. Nyuma yake aliingia mwenzake wa darasani tunayemwita Tai, kwa kuwa huvaa tai shingoni hata siku ya kufua.

"Mama, chuo kimetuonea!" Dada alisema.

"Sijambo, mwanangu. Na wewe hujambo?" Mama alijibu bila kuinua macho kwenye sindano.

"Aa, shikamoo Mama. Chuo kimetuonea!"

Wakaeleza kwa kupokezana. Chuo kilikuwa na somo la ujasiriamali, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alilazimika kulisoma. Walipangwa wawili wawili. Kwanza walitakiwa kuwauliza watu arobaini wanahitaji nini na kujaza majibu kwenye karatasi za maswali zinazoitwa hojaji. Kisha watengeneze kitu, wauze angalau ishirini kabla ya siku ya maonyesho. Asiyefaulu somo hilo hahitimu, hata kama mengine yote amepata alama za juu.

"Miaka mitatu nahangaika na takwimu," Dada alilalamika, "halafu mwisho wa yote nikasimame sokoni kama..."

"Kama nani?" Mama aliuliza. Cherehani ilisimama.

"Si wewe, Mama. Wewe ni fundi."

"Fundi anakula hewa? Gauni nikishalimaliza nalipeleka wapi, nalitundika nilitazame?"

Tai alikohoa kidogo, akairekebisha tai yake. "Mama, si sisi tu. Darasa zima linasema somo hili ni la watakaokosa kazi. Ukilipenda ni kama umejiombea mkosi. Siku ya somo hilo, viti vya nyuma vinagombewa."

Mama alicheka, akaendelea kushona. Wao wakakaa na kuumiza vichwa mpaka wakapata wazo. Watu wengi wa sokoni hubeba chakula cha mchana kwenye mifuko ya plastiki inayochanika. Je, wakiwashonea mifuko mizuri ya kitambaa?

"Wazo si baya," Mama alisema. "Waulizeni kwanza."

Waliondoka na karatasi arobaini. Haikupita saa moja wakarudi, na karatasi zikiwa safi vile vile zilivyotoka.

"Mmeuliza wangapi?" niliwauliza nikiwa nimekaa kizingitini.

"Soko lina kelele," alisema Tai.

"Na jua," aliongeza Dada.

Baadaye ndipo nilipoujua ukweli. Walisimama mbele ya fundi viatu, naye akawakaribisha kwa furaha, "Karibuni, mnauza nini?" Basi wakaona aibu, eti mtu aliyebakiza miezi michache kupata shahada anaulizwa anauza nini! Wakajibu kwamba walikuwa wanatafuta njia ya kutokea, wakaondoka mbio.

Dada alinitazama kwa muda, kisha akaniita pembeni kwa sauti tamu ambayo huitumia akiwa na shida. "Kasuku mpenzi, si wewe una miandiko mingi?"

Hilo lilikuwa kweli. Naweza kuandika kwa kulalia kulia, kwa kulalia kushoto, na hata ule mwandiko wa daktari ambao mwenyewe tu ndiye anausoma.

"Ukinijazia hizi karatasi nitakupeleka chuoni siku ya maonyesho. Utapanda ngazi zote za maktaba unazoniuliza kila siku."

"Lakini si watu wa soko ndio wanaotakiwa kujaza?"

"Wewe unawajua watu wa soko kuliko mimi. Andika vile ambavyo wangejibu. Ila Mama asijue, maana anajua kukuza mambo."

Neno hilo la mwisho lilipaswa kunizindua. Jambo jema halifichwi mama. Lakini nilikuwa nimeshaziona ngazi za maktaba mbele ya macho yangu, nikachukua kalamu sita na kujichimbia chumbani.

Jamani, nilifurahi! Mteja wangu wa kwanza alikuwa fundi viatu, miaka hamsini na miwili, mpole, ana watoto saba. Wa pili, muuza mboga anayependa kuimba. Wa tatu, fundi magari mwenye meno mawili ya dhahabu. Hojaji haikuuliza habari za meno, lakini mimi nilihitaji kumjua mteja wangu. Swali la rangi lilikuwa rahisi. Ni nani asiyependa zambarau? Wateja thelathini na wanane waliipenda zambarau, na wawili niliwaachia kijani ili wasininung'unikie. Palipoulizwa vipimo vya chombo cha chakula, nilichukua futi ya Mama, nikapima kile kikopo changu cha chakula cha shule: sentimita kumi na nane kwa kumi na mbili. Nikawagawia wote kipimo hicho hicho, wengine nikiwaongezea nusu sentimita ili ionekane wamepima wenyewe. Sikuona kama ni uongo. Niliona natunga hadithi.

Dada alipozijumlisha aliruka. "Asilimia tisini na tano wanataka zambarau! Tai, sijawahi kuona takwimu zinazokubaliana namna hii!"

"Soko limesema," Tai alijibu kwa fahari.

Na wote wawili walijua ni nani aliyesema! Lakini mtu akishautaka uongo, huanza kuuamini yeye mwenyewe wa kwanza. Wakapeleka karatasi chuoni. Siku tatu baadaye mhadhiri wao aliwapa alama thelathini na nane kati ya arobaini, na chini akaandika: "Kazi safi sana. Jumatatu nitaisoma darasani iwe mfano kwa wenzenu." Mama alifurahi mpaka akaacha kazi zake kuwafundisha kushona. Walinunua kitambaa, wakakata, wakatia zipu, wakafumua, wakatia tena. Hadi Ijumaa tulikuwa na mifuko thelathini, na nyumba nzima ilikuwa zambarau tupu.

Jumamosi tukaenda sokoni, mimi nikiwa nimebeba kikapu cha mifuko kichwani kwa maringo. Tulianza kwa muuza mboga. Aliupokea mfuko, akausifia, kisha akatoa hotipoti yake chini ya meza. Ilikuwa ya mviringo, pana, ya kumshibisha mtu mzima aliyeamka alfajiri. Akaigeuza huku na huku. Haikuingia. Akajaribu kuingiza kifuniko peke yake. Nacho kikakataa.

"Wanangu," alisema kwa upole, "chakula cha mfuko huu ni cha kuonja, si cha kula."

Fundi magari alikuwa amelala chini ya gari. Alipotoka alituonyesha mikono iliyojaa oili, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikaona kwamba meno yake yote ni meupe. "Zambarau? Na mikono hii? Nikiushika mara moja tu utakuwa kitambaa cha deki!"

Kufika kwa fundi viatu, Tai alikuwa ameshatokwa na jasho. Fundi viatu alipotikisa kichwa, Tai alishindwa kuvumilia. Akafungua mkoba, akatoa nakala za hojaji.

"Lakini Mzee, utafiti wetu unaonyesha mnaitaka! Hebu tazama karatasi ya kwanza kabisa. Huyu ni fundi viatu, wa soko hili hili, na amesema mfuko ni mzuri mno."

Fundi viatu alifuta mikono, akaichukua karatasi, akaisoma taratibu. Watu wa meza za jirani walianza kusogea.

"Fundi viatu wa soko hili ni mimi," alisema. "Hakuna mwingine. Na sikumbuki kusema neno." Akasoma tena. "Halafu hii miaka hamsini na miwili nani amenipa? Mimi nina arobaini na sita!"

Watu wakaangua kicheko. Muuza mboga alishika mbavu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani pamoja na kikapu changu. Sasa nilielewa kwamba fundi viatu wangu wa kwenye karatasi alikuwa amemziba mdomo fundi viatu wa kweli, aliyekaa pale na nyundo yake na macho yake na mawazo yake.

Fundi viatu hakukasirika. Alimrudishia Tai karatasi. "Juzi juzi mlipita hapa mkauliza njia," alisema. "Mngeniuliza na haya, ningewajibu bure."

Njiani Tai alipata akili ya haraka. "Tuwauzie ndugu zetu. Tukikusanya mashangazi ishirini tumemaliza. Karatasi zimeshapewa alama, nani atajua?"

Dada alitembea ameinamisha kichwa. Tulipoingia nyumbani, Mama aliitazama mifuko thelathini iliyorudi, akatutazama sisi, akauliza kulikoni. Wakubwa wakabaki wanaangalia dari. Mimi nilijitahidi kunyamaza. Nilihesabu mpaka tisa, kisha nikalia kwa sauti na kusema yote, kuanzia kalamu sita hadi kipimo cha kikopo changu.

Mama alizima pasi. Hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi.

"Umemtuma mdogo wako kudanganya?" alimuuliza Dada.

Machozi yalimtoka Dada. "Niliona aibu, Mama. Niliona nikisimama pale na karatasi, watu watasema amesoma kote huko ili aje kuuza mifuko."

"Aibu," Mama alirudia. "Mimi nimeuza kwa mikono hii miaka ishirini. Kila gauni nililoshona, nilimuuliza mwenye mwili wake anataka nini. Hujaniona nikipima kiuno cha mtu asiyekuwepo. Kuuliza kumenipunguzia nini?" Akaiweka pasi pembeni. "Umeniumiza, mwanangu. Lakini bado hujaharibikiwa. Jumatatu asubuhi nenda kwa mwalimu wako kabla hajafungua mdomo kukusifu mbele za watu. Na huyu mdogo wako nenda naye, maana ndiye mwenye wateja."

Jumatatu tulisimama watatu mbele ya meza ya mhadhiri. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Rafu yake ilijaa vitu vilivyotengenezwa na wanafunzi wa miaka iliyopita: mshumaa uliopinda, sabuni zenye umbo la samaki, na kigoda cha miguu mitatu na nusu. Dada alisema kila kitu bila kujitetea. Tai aliongeza kwamba hata yeye alijua.

"Nani alijaza?" mhadhiri aliuliza.

Nikanyoosha mkono.

"Zote arobaini? Miandiko yote ile?"

"Ndiyo, Mwalimu. Yule wa kumi na tisa nilimwandika kwa mkono wa kushoto."

Mhadhiri alivua miwani, akaangalia dirishani kwa muda. Nafikiri alikuwa anazuia kicheko. Alipogeuka uso wake ulikuwa mgumu.

"Kughushi hojaji kunaweza kumrudisha mtu mwaka mzima. Mmeokolewa na jambo moja tu, mmekuja wenyewe. Alama zote thelathini na nane nazifuta. Nataka karatasi mpya arobaini za watu wenye miili na majina. Na mtauza vitu thelathini, si ishirini. Maonyesho ni baada ya siku kumi. Ikipungua hata moja, hamhitimu, tutaonana hapa hapa mwakani."

Tulipotoka nje Tai aliegemea ukuta. "Thelathini! Tumekwisha."

"Tutakwishaje," Dada alisema akifuta macho, "na wakati hatujaanza?"

Siku hiyo hiyo tulirudi sokoni. Nilitangulia mimi, nikapiga magoti mbele ya fundi viatu na kumwomba msamaha kwa kumzeesha miaka sita. Alicheka akasema amesamehe, ila watoto saba arudishe watatu, kwani anao wanne tu. Kisha akatusogezea vibao tukae. Dada alishika kalamu, akasoma swali la kwanza, "Je, ungependa mfuko wa chakula wenye..."

"Hebu subiri," fundi viatu alimkatiza. "Hilo si swali, hiyo ni kunisukumia mfuko. Niulize nasumbuka na nini."

Dada akayapiga mstari maswali yote kumi aliyoandika, na juu ya karatasi akaandika moja tu: Unasumbuka na nini ukiwa kazini?

"Misumari," alijibu fundi viatu mara moja. "Mkono mmoja una kiatu, mwingine una nyundo, kwa hiyo misumari naiweka mdomoni. Mke wangu kila siku ananiambia nitaimeza."

Muuza mboga alisema yeye hunyunyizia mboga maji zisinyauke, na simu yake imeshalowa mara tatu. Fundi magari alisema akilala chini ya gari spana humkimbia, na kila mara lazima atoke kuitafuta. Mbeba mizigo alisema hana pa kuweka risiti. Mwingine alizungumzia mkasi, mwingine miwani, mwingine alitaka tu kutulalamikia kuhusu jirani yake, na Dada akaandika hata hilo. Nilishangaa kumwona. Aibu ilimtoka kidogo kidogo, kama mtu anayezoea maji ya kuoga. Kufikia mtu wa ishirini alikuwa anacheka nao na kuwatania, na Tai ameushika mwamvuli wa muuza mboga huku anaandika.

Siku ya tatu, tukiwa na karatasi ya thelathini na moja, Dada alisimama katikati ya njia hadi mwenye mkokoteni akampigia kelele nyuma yake.

"Kasuku! Tai! Majibu yote yamepishana, lakini shida ni moja! Mikono yao ina kazi, na hawana mahali pa kuweka vitu!"

Tulikimbia nyumbani. Mama alisikiliza, akazipitia karatasi zetu moja baada ya nyingine, na tabasamu likamjia. "Hawa hawataki mfuko wa kubeba," alisema. "Wanataka aproni yenye mifuko."

"Na zile zambarau thelathini?" Tai aliuliza kwa huzuni.

Mama alichukua mfuko mmoja, akauweka juu ya kitambaa kizito cha rangi ya majivu, usawa wa kifua. Ulikaa sawasawa, pamoja na zipu yake. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na shangwe kama ya arusi. Dada alikata, Mama alionyesha, mimi nilipiga pasi mishono na kuimba nyimbo zangu za kubuni. Tai alipewa cherehani ya pili na alijitahidi mno, mpaka aliponyanyuka kwa madaha kutuonyesha aproni yake ya kwanza, nayo ikamvuta shingo. Alikuwa ameishonea tai yake humo humo! Tulicheka mpaka Mama akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo Tai alifanya kazi shingo wazi.

Hakuna aproni mbili zilizofanana. Ya fundi viatu ilikuwa na kimfuko kidogo cha kutilia misumari karibu na kifua. Ya muuza mboga ilikuwa na kitambaa kisichopitisha maji nyuma ya zipu. Ya fundi magari tuliiwekea mifuko mirefu ya spana, na alipoiona zambarau alisema, "Basi potelea mbali, mradi spana inatulia." Hatukuhitaji kupiga kelele za kuuza. Mtu alimwona jirani yake ameivaa, akauliza, akatumwa kwetu. Kinyozi aliifuata aproni yake nyumbani kabla haijapigwa pasi.

Asubuhi ya maonyesho tulikuwa tumeuza ishirini na tisa. Ya thelathini ilibaki, na tulikuwa tunaipeleka chuoni tuitandaze mezani, tukiamini mtu mmoja atakosekanaje. Getini tulimkuta mtunza bustani wa chuo akijipapasa mifuko ya suruali.

"Unatafuta nini, Baba?" Dada aliuliza. Siku hizi hakuweza kumpita mtu bila kuuliza.

"Mkasi wa maua. Ninao muda wote, na muda wote sijui uko wapi. Juzi niliukalia."

Dada aliitazama aproni mkononi mwake. Tai akamnong'oneza, "Tukiuza hii meza yetu itakuwa tupu. Watatucheka."

"Na yeye aendelee kukalia mkasi?" Dada alijibu. Akaifungua, akamwonyesha, akamfunga kamba mgongoni. Mtunza bustani alitia mkasi mfukoni, akautoa, akautia tena, akalipa, akaondoka anapiga mluzi. Thelathini! Mimi nilicheza pale pale getini mbele ya mlinzi.

Ukumbini kila meza ilijaa vitu vya kupendeza. Yetu ilikuwa na karatasi arobaini tu. Wenzao walianza utani. "Bi Ofisi, mnauza upepo?" Mama alikuwa amekuja amevaa gauni lake zuri na kofia, na niliona ameuma mdomo kwa wasiwasi. Mhadhiri alifika na miwani yake.

"Bidhaa yenu iko wapi?"

"Iko kazini, Mwalimu," alisema Dada.

"Ipi?"

"Yote thelathini. Moja ile pale." Akaonyesha dirishani. Nje, mtunza bustani alikuwa anapunguza mstari wa maua, mfuko wa zambarau ukimetameta kifuani.

Mhadhiri alichukua zile hojaji. Moja ilikuwa na alama ya dole gumba la oili. Nyingine ilikuwa imelowa maji ya mboga ikakaushwa. Majibu yalipishana, mengine yalibishana, na kila moja lilikuwa na jina na mahali pa kumpata mtu. Alizisoma kwa muda mrefu, kisha akasema ziko sawa, ila karatasi mbili hazikujazwa mpaka mwisho.

"Alama zenu za zamani siwarudishii. Kwa hizi nawapa thelathini na moja. Na mmefaulu."

"Zimepungua saba," Tai alinong'ona.

"Hizi ni zetu," Dada alisema, akamkumbatia Mama kwa nguvu hata kofia ya Mama ikaanguka. "Nisamehe, Mama. Niliidharau kazi iliyonilea." Mama alimpiga piga mgongoni, machozi yakimtoka huku anacheka.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa sauti, "Kwa hiyo sasa ofisi basi? Utakuwa muuza aproni?"

"Sijui," Dada alijibu waziwazi. "Huenda nikaajiriwa, huenda nikafungua karakana na Mama. Kuna watu tisa wameshaagiza nyingine. Lakini nilidhani somo hili ni la waliokosa kazi, na mimi ndiye niliyekuwa sijui kazi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mhadhiri aliinua mkono.

"Mwaka mzima mmekaa viti vya nyuma mkidhani nawafundisha kuuza," aliwaambia. "Anayetaka kuuza tu atauza mara moja. Mimi nawafundisha kumsikiliza mtu mwingine, mjue shida yake, mfanye kazi mpaka muitatue. Hilo litawafaa ofisini, hospitalini, dukani, popote. Na usikivu haughushiwi. Ukijijibu mwenyewe, utakachotengeneza kitakuenea wewe peke yako."

Tukatoka kwenda kuziona zile ngazi za maktaba, maana Dada hakusahau ahadi. Mama alinishika mkono.

"Hukunigombeza mimi, Mama," nilimwambia. "Nilikuwa nasubiri."

"Nimegundua una kipaji," alisema. "Unaweza kuwaza watu wasiokuwepo mpaka wakapata meno ya dhahabu. Wasiokuwepo, waandike kwenye hadithi, na mimi nitazisoma zote. Waliopo, mwanangu, waulize wenyewe."